Kumtafuta Babu Mdachi Aliyekuwa na Shamba Usambara: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Huko Lushoto, Muheza, Old Moshi, Usa River na Iringa ziko familia ambazo husimulia kwamba baba wa bibi, au babu wa babu, alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, mwenye shamba. Mara nyingi masimulizi huishia hapo: jina limepotoka midomoni mwa watu, picha haipo, na shamba lenyewe limekwisha kubadili wenyewe mara nne au tano. Wengi huanza kwa kuliandika jina hilo kwenye mtandao, hawapati kitu, wakaliacha jambo. Ushauri wangu, ambao mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba ulitafute shamba kwanza na mtu baadaye. Serikali ya Kijerumani, na ya Kiingereza iliyoifuata, ziliandika habari za ardhi kwa uangalifu kuliko habari za watu, na mlowezi asiyeonekana mahali pengine popote huonekana pale alipopimiwa mpaka, alipokopa fedha, au alipokufa na deni.

Uwanja wa kutafutia, kwa bahati nzuri, ni mdogo. Mwaka 1913 Wazungu wote katika Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwa kama 5,300, na ndani ya hesabu hiyo wamo maofisa, wamisionari, wafanyabiashara, wanawake na watoto. Wenye mashamba walikuwa sehemu tu ya hao. Ukishajua wilaya na zao alilolima, majina yanayobaki huweza kuenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Hatua ya kwanza: waulize wazee maswali yanayojibika

Usianze kwa kuuliza jina wala mwaka. Anza kwa kuuliza shamba lilikuwa upande gani wa mto, lililimwa nini, na watu walimwitaje yule bwana. Jina la utani lina thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu wakulima na vibarua hawakujisumbua kutamka majina ya Kijerumani, na majina waliyowapa walowezi mara nyingine yalishikamana na ardhi yenyewe. Mfano unaojulikana ni wa Tom von Prince, ofisa wa jeshi aliyeacha kazi mwaka 1900 akaenda kulima Usambara Magharibi, na ambaye aliuawa katika mapigano ya Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Watu walimwita Bwana Sakarani, neno ambalo msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja kwamba halikuwa la kumsifia ucha Mungu. Mwenyewe aliliita shamba lake kwa jina hilohilo, na hadi leo, karibu na Soni, mahali hapo panaitwa Sakharani, pakiwa chini ya watawa wa Kibenediktini. Mtu aliyerithi neno "Sakarani" peke yake kutoka kwa bibi yake angekuwa tayari ameshika ufunguo.

Swali la pili ni zao, kwa kuwa zao hutaja wakati. Kahawa ya Usambara Mashariki, katika mashamba kama Derema, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ikawavunja moyo wengi baada ya miaka michache, kwa sababu udongo wa msituni ulioonekana kuwa na rutuba ulichoka upesi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza karibu na Pangani, kisha ukaifuata njia ya reli. Mpira ulipandwa kwa pupa katika miaka iliyotangulia Vita ya Kwanza, na bei yake ilipoanguka mwaka 1913 walowezi wengi wadogo waliangamia nayo. Kahawa ya Oldeani, karibu na Karatu, ni ya kizazi kingine kabisa, cha baada ya mwaka 1925.

Swali la tatu ni reli, maana wazee hukumbuka reli hata pale wasipokumbuka tarehe. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ukiambiwa kwamba mizigo ya bwana huyo ilipandishwa Lushoto kwa vichwa vya watu kutoka Korogwe, kwa kuwa garimoshi lilikuwa halijafika Mombo, basi umepata kipindi cha miaka mitatu bila ya mtu yeyote kukutajia mwaka.

Hapa pia uhakikishe kwamba Mdachi huyo alikuwa Mdachi kweli. Katika masimulizi, neno hilo limewameza Makaburu waliohamia Meru, Wagiriki waliokuja na ujenzi wa reli wakanunua mashamba, na Wajerumani ambao hawakuwahi kuishi Ujerumani, kama wale waliotoka Urusi na kukaa chini ya Mlima Meru. Kwa mtu wa kundi hilo la mwisho, kutafuta cheti cha kuzaliwa mjini Berlin ni kupoteza muda.

Hatua ya pili: andika jina la mahali kama Mjerumani alivyoliandika

Mara ya kwanza nilipotafuta shamba la Mazinde katika orodha za nyaraka nilitumia siku mbili bila kuona chochote, hadi nilipoandika "Masinde", majalada yakajipanga mbele yangu. Mjerumani huandika S akatamka Z, na huandika W akatamka V. Kwa hiyo mto Zigi ni Sigi, Muheza ni Muhesa, Vuga ni Wuga, na Zanzibar ni Sansibar. Sauti ya "sh" huandikwa sch, ndiyo maana Moshi ni Moschi na Arusha ni Aruscha, na S yetu ya kawaida huweza kuandikwa kwa S mbili mwanzoni mwa neno. Chukua jina la kijiji chako, uliandike kwa namna zote zinazowezekana, kisha utafute kila moja.

Miji mingine ilibatizwa upya. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Kasanga iliyo kando ya Ziwa Tanganyika iliitwa Bismarckburg. Baada ya hapo tafuta ramani ya koloni ya kipimo cha 1:300,000, iliyochorwa chini ya usimamizi wa Paul Sprigade na Max Moisel, ambayo kurasa zake zimewekwa kwenye mtandao na maktaba za Ujerumani. Katika kurasa za Tanga na Usambara mashamba yameandikwa kwa majina. Weka ramani hiyo kando ya ramani ya leo, ufuate mto mmoja kutoka mdomoni kwenda juu, na shamba la babu litajitokeza kati ya vijito viwili ambavyo hadi leo vina majina yaleyale.

Hatua ya tatu: nenda ukakanyage ardhi

Kama unaweza kufika, fika kabla ya kuandikia ofisi yoyote. Salimia uongozi wa kijiji au meneja wa shamba, ueleze kinachokuleta, na useme mapema kwamba hudai ardhi. Bila kauli hiyo hutaonyeshwa hata kisiki. Kisha omba mzee wa kukutembeza. Tafuta misingi ya mawe iliyojengwa kwa chokaa, sakafu ya kuanikia kahawa ambayo sasa huanikiwa mahindi, mfereji uliochongwa kwa usawa kuzunguka kilima, na safu ya miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari ulionyooka kuelekea mahali pasipo na nyumba. Kwenye mashamba ya mkonge uliza ilipokuwa korona ya kwanza, yaani mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Mashine ya zamani huwa na bamba la chuma lenye jina la mtengenezaji, na ukikuta maneno Krupp-Grusonwerk, Magdeburg, yapige picha pamoja na namba yoyote iliyogongwa chini yake.

Makaburi yanahitaji subira. Jiwe la kaburi la mlowezi mara nyingi limeandikwa kwa herufi za kale, nalo limekwisha kuota kuvu. Usilisugue kwa brashi ya waya wala kulimwagia sabuni. Lisubiri jua la jioni, ambalo huja kwa upande na kuzijaza herufi kivuli, kisha upige picha kutoka pembe tatu. Neno "geb." hutangulia tarehe ya kuzaliwa, na "gest." hutangulia ya kufa; "geb." likifuatiwa na jina la mji, huo ndio mji utakaouhitaji katika hatua ya sita. Hata pale ambapo kaburi halipo, nyumba huweza kusema. Ndani ya kreta ya Ngorongoro mpaka leo yapo mabaki ya nyumba ya Adolf Siedentopf, aliyefuga ng'ombe humo kabla ya Vita ya Kwanza, na habari zake zimehifadhiwa zaidi kwa sababu ya mahali alipokaa kuliko kwa sababu ya ukoo wake.

Hatua ya nne: majalada ya ardhi

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo nakushauri utumie muda wako mwingi. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali ya Kaizari, na kutoka hapo kila mlowezi aliyetaka shamba alilazimika kuomba, kupimiwa na kuandikiana mkataba, ambao mara nyingi ulianza kama wa kukodi kabla ya kununua. Tume ya ardhi ilitakiwa kwenda mahali penyewe na kuwaachia wenyeji eneo la mara nne ya walilokuwa wakililima. Kama sheria hiyo ilifuatwa ni habari nyingine, na wazee wa Kisambaa watakujibu bila kusita. Kwa mtafutaji, hata hivyo, kumbukumbu za tume hizo ni hazina, maana mara nyingi hutaja jumbe wa mahali, mipaka kwa majina ya vijito na miti, na wakati mwingine watu waliolipwa fidia ya migomba yao. Unaweza kuingia ukimtafuta mzungu mmoja, ukatoka na babu wa pili aliyekuwa upande wa pili wa mpaka.

Majalada ya Kijerumani yaliyosalia yako Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga, na alama zake huanza kwa herufi G. Mengine yalifukiwa ardhini huko Tabora wakati wa vita yakaja kufukuliwa baadaye, ndiyo maana utakuta kurasa zenye madoa ya maji. Uliza mapema kuhusu kibali na barua ya utambulisho, na uombe kwanza orodha iliyochapishwa ya majalada ya G ili upate namba kamili, kwa kuwa kumwambia mtunza nyaraka "nataka habari za babu yangu" hakumsaidii yeye wala wewe. Usiishie kwenye ardhi. Omba pia majalada ya mirathi ya mahakama za wilaya, ambayo kwa Kijerumani huitwa Nachlass. Mlowezi alipofariki, karani aliorodhesha kila kitu: bunduki, kitanda, punda, magunia ya kahawa, madeni kwa duka la Mhindi, na mshahara ambao vibarua walikuwa bado hawajalipwa. Hakuna waraka utakaokuonyesha maisha ya mtu kwa karibu zaidi ya huo.

Wasioweza kufika Dar es Salaam wana njia nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, huko Berlin-Lichterfelde, ina kumbukumbu za wizara ya makoloni chini ya alama R 1001, nyingi zikisomeka kwenye mtandao bila malipo, na chini ya R 1003 ina nakala za majalada ya Dar es Salaam. Barua za Waingereza kuhusu Tanganyika kuanzia mwaka 1916 ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya alama CO 691.

Angalia jambo moja kabla hujafurahi. Mashamba mengi makubwa ya Usambara yalikuwa ya makampuni, na "bwana" aliyekumbukwa kijijini alikuwa meneja au msaidizi wa kuajiriwa. Huyo hatakuwa na mkataba wa ardhi kwa jina lake, na itakubidi umtafute kwenye vitabu vya mwaka vya makampuni ya makoloni, ambavyo viliorodhesha mashamba pamoja na wafanyakazi wake wa Kizungu.

Neno kuhusu mwandiko. Karani wa Kijerumani aliandika kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Herufi ya e hufanana na n, na s ya katikati hufanana na f isiyo na kistari cha katikati. Jifunze kwanza kulisoma jina la shamba lako na maneno kumi tu, kama vile Pflanzer kwa mwenye shamba, Pacht kwa ukodishaji, Kauf kwa ununuzi na Bezirksamt kwa boma la wilaya. Programu ya Transkribus husaidia kusoma mwandiko huo, lakini hukosea majina ya Kiafrika vibaya sana, kwa hiyo majina hayo uyasome mwenyewe.

Hatua ya tano: meli na magazeti

Ukishapata jina la ukoo lililoandikwa sawasawa, nenda kwenye orodha za abiria za bandari ya Hamburg, ambazo zipo tangu mwaka 1850 hadi 1934. Meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, ziliondoka hapo kuja Tanga na Dar es Salaam, na orodha hutaja umri, kazi na mji mtu alikotoka. Usipomwona, usihitimishe kwamba jina ni la uongo: waliokuwa na uwezo walipanda garimoshi hadi Marseille au Naples na kuingia melini huko, hivyo Hamburg haikuwaandika. Hao utawapata kwenye gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam au Usambara-Post la Tanga, ambayo yalichapisha majina ya wanaofika na wanaoondoka, pamoja na matangazo ya mnada, ndoa, vifo na kufilisika. Magazeti hayo yametiwa kwenye mtandao na maktaba ya taifa mjini Berlin. Hifadhi ya picha za Jumuiya ya Makoloni, iliyo Frankfurt, nayo ina makumi ya maelfu ya picha zinazotafutwa kwa jina la mahali.

Hatua ya sita: Ujerumani

Bila jina la mji au kijiji cha asili hatua hii haianzi. Ukilipata, kumbuka kwamba uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia mwezi Oktoba 1874 na katika nchi yote Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi, kuna vitabu vya kanisa tu. Vya Kilutheri vingi vinapatikana kwa malipo katika tovuti ya Archion, na vya Kikatoliki bure katika Matricula. Habari za kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 110, za ndoa baada ya miaka 80 na za kifo baada ya miaka 30. Kwa waliozaliwa, kuoana au kufa ndani ya koloni, ulizia ofisi ya Standesamt I ya Berlin.

Hatua ya saba: mama na watoto wasioandikwa

Kama wewe ni mzawa wa mlowezi huyo kupitia mwanamke wa Kiafrika, hutapata cheti cha ndoa. Mwaka 1906 serikali ya koloni ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo, na baba hata alipomtambua mwanawe nyumbani, hakumpeleka bomani kumwandikisha. Mtoto anapatikana kwenye daftari la ubatizo. Jua kwanza misheni ipi ilihudumia eneo lile: Usambara ilikuwa ya wamisionari wa Bethel, Kilimanjaro ya Leipzig pamoja na mapadre wa Roho Mtakatifu, na nyanda za juu kusini za Wamoravian na Misheni ya Berlin. Usharika wenyewe huweza kuwa bado una madaftari. Nakala na barua za Bethel ziko Wuppertal, za Leipzig ziko Halle, na za Wamoravian ziko Herrnhut.

Unapolisoma daftari hilo, tazama safu ya baba ikiwa tupu au ina neno moja tu la Kijerumani, na utazame wazazi wa ubatizo ni akina nani, maana mke wa mnyapara au mpishi wa shamba alisimama mahali pa ukoo. Tazama pia jina alilopewa mtoto. Mvulana aliyebatizwa Wilhelm katika ukoo usio na Wilhelm mwingine, mwezi ambao bwana wa shamba la jirani alikuwa yupo, ni dalili, ingawa peke yake haithibitishi kitu. Vipimo vya vinasaba vinaweza kutoa uthibitisho, na mara nyingi ndugu anayejitokeza ni binamu aliye Marekani, kwa kuwa huko waliopima ni wengi kuliko Ujerumani.

Hatua ya nane: walikokwenda

Walowezi wa kabla ya vita karibu wote waliondolewa. Waliotekwa na Waingereza walipelekwa kambi za Misri na India, na wale waliokuwa Tabora Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba 1916 walipitishwa Kongo hadi Ufaransa. Kadi za wafungwa hao zimo katika hifadhi ya Msalaba Mwekundu ya Geneva, nazo husomeka kwenye mtandao. Mashamba yao yaliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui na kuuzwa, na matangazo ya mauzo yamo katika Gazeti la Serikali la Tanganyika, ambapo jina la mwenyewe wa zamani huandikwa kando ya jina la shamba na ukubwa wake. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na waliokuwapo Septemba 1939 walikamatwa tena. Wengine walirudishwa Ujerumani, wengine wakapelekwa Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini. Kwa hiyo babu wa Oldeani aliyetoweka mwaka 1940 asitafutwe Ujerumani peke yake.

Ukiwapata ndugu walio hai, barua ya kwanza iwe ya Kijerumani, isizidi ukurasa mmoja, na uambatishe nakala ya waraka mmoja unaotaja jina la ukoo wao pamoja na shamba. Eleza wewe ni nani, sema wazi kwamba hudai mirathi, kisha uulize kitu kimoja kinachojibika, kama vile iwapo nyumbani kwao kuna albamu ya picha kutoka Afrika. Wengi wanayo, imekaa darini miaka mingi, na hakuna anayejua waliomo pichani ni akina nani. Wewe ndiye unayeweza kumpelekea mzee wa kijiji nakala ya picha hizo akakutajia majina.